Nozo inayolia na nozo inayokojoa

Nianze na hesabu ya kutengeneza nozo za gari langu, vile vifaa vinavyopuliza dizeli ndani ya silinda, maana najua ndiyo mtakayoitafuta kwanza. Seti ya nozo nne kutoka duka moja la Kariakoo: shilingi 72,000. Nozo mbili za Denso nilizonunua baadaye: 90,000. Kupima na kuseti kwa fundi pampu wa hapa Morogoro: 40,000. Washa za kopa, yaani shaba, pamoja na zile za paipu ya ritani, ile inayorudisha dizeli iliyozidi: 16,000. Soketi ndefu ya 27: 18,000. Kufungua na kufunga: bure, kwa kuwa nilifungua mwenyewe uani, nikisaidiwa na shemeji aliyekuja kula ubwabwa wa Jumapili akajikuta ameshikishwa tochi. Katika pesa zote hizo, iliyofanya kazi kuliko zote ni ile 40,000 ya kupima. Ile 72,000 ya mwanzo niliitupa, tena kwa mikono yangu.

Gari ni Hilux dabo kebini ya zamani yenye injini ya 5L, cc 2,986, dizeli isiyo na tabo wala kompyuta. Aliliacha marehemu baba. Mimi kazi yangu ni maabara ya shule, mizani na chupa, lakini Jumamosi hupanda Mgeta kuchukua karoti na njegere za dada yangu na kuzishusha sokoni. Mgeta asubuhi ni baridi ya sweta mbili, na huko ndiko gari lilikoanza kuniumbua. Nikiliwasha linatoa moshi mweupe unaochoma macho, linatetemeka kama mbuzi aliyenyeshewa, halafu kuna mlio wa ka-ka-ka, kama mtu anayegonga sufuria kwa kijiko. Likishapata moto, moshi unapungua, mlio unabaki. Akina mama tunaopakia nao wakaanza kusogeza matenga yao mbali na eksozi bila kuniambia kitu.

Baba alinifundisha njia ya kumtafuta mkorofi, na kwa injini ya aina hii ni njia ya kuaminika. Gari likiwa sailensa, yaani linaunguruma bila kukanyagwa mafuta, funika nati ya paipu ya dizeli kwenye nozo moja kwa kitambaa, kisha ilegeze kidogo kwa spana 17. Dizeli inavujia nje badala ya kuingia ndani, kwa hiyo silinda hiyo inalala. Kama ilikuwa nzima, utaisikia injini ikichechemea. Kama ndiyo mbovu, hakitabadilika kitu, au ule mlio utakatika hapo hapo. Namba moja: ikachechemea. Namba mbili: mlio ukakatika kama redio iliyozimwa. Namba tatu: hakikubadilika kitu. Namba nne: ikachechemea. Kwa hiyo nilishajua, kabla sijatoa hata shilingi moja, kwamba wabaya ni wawili. Lishikeni hilo, maana mimi nililisahau nikiwa kwenye basi la kwenda Dar.

Mwenye D4D ya Toyota au dizeli yoyote ya komoni reli, zile za kisasa ambazo nozo zote zinalishwa na reli moja ya msukumo mkubwa, asijaribu mchezo huo. Kwenye reli zile msukumo unaweza kupita bar 1,000 injini ikifanya kazi, na dizeli inayotoka hapo inatoboa ngozi. Tundu linaweza kuonekana dogo kama la sindano, lakini dizeli imeshaingia nyamani, na hilo ni jambo la kukimbilia hospitali saa ileile, hata kama haliumi.

Haya, Kariakoo. Nilizunguka mitaa ya Gerezani nusu siku nikiuliza nozo za 5L. Kwa asiyejua, dukani wakisema nozo wanamaanisha ile ncha tu. Ndani ya ncha hiyo kuna sindano inayofungua na kufunga njia ya dizeli. Inakaa ndani ya holda, yaani kishikio chake, na juu yake ndani humo kuna springi na washa nyembamba za kusetia msukumo wa kufungukia. Duka moja walitaka 45,000 kwa nozo moja. Duka la jirani wakanipa nne kwa 72,000, boksi jekundu linalong'aa, kila moja kwenye kikopo chake cha plastiki na grisi yake. Kijana wa kaunta akaniambia, "Dada, hizi ndizo wanazochukua watu wa daladala kila siku. Wewe kafunge tu, utarudi kuniletea soda." Nikaangalia namba iliyochorwa shingoni, inaanza na DN kama ya zamani na tarakimu zote zinalingana. Nikaona nimepata. Hivi kwa nini mtu anayepima tindikali kwa tone aliamini maandishi ya shingoni? Bei, ndugu zangu. Bei ilinipofusha.

Kufungua si kazi ya kutisha, ni kazi ya uchafu. Kwanza nilipiga upepo wa kompresa na brashi kuzunguka nozo zote, kwa sababu chembe moja ya mchanga ikidondokea kwenye shimo la silinda, au ikiingia kwenye paipu, umenunua ugonjwa mpya. Paipu nne za dizeli zikatoka, nikaziba ncha zake kwa vipande vya mfuko wa plastiki na mpira wa kufungia nywele. Ikafuata paipu ya ritani iliyolala juu ya nozo zote nne. Halafu holda zenyewe, na hapa ndipo soketi ndefu ya 27 inapolipa pesa yake. Spana ya kawaida haifiki vizuri, inateleza na kula pembe. Namba moja, mbili na nne zilitoka kwa heshima. Namba tatu ilitaka usiku mzima na mafuta ya kulegeza kutu, na asubuhi shemeji akaikalia kwa bomba la chuma kama mtu anayepiga makasia. Ilipoachia ilitoa mlio, sote wawili tukaruka nyuma.

Chini ya holda kuna washa ya kopa. Ile ya zamani hubaki chini shimoni, imejibana na masizi, na ni lazima itoke. Nilichonga waya wa baiskeli nikaupinda ndoano. Shimo la tatu nilitoa washa, nikamulika, nikaona bado kuna duara la kopa linang'aa chini. Nikatoa nyingine. Zilikuwa mbili zimepandana! Kuna fundi, Mungu anamjua, aliyewahi kufunga nozo hiyo zamani bila kutoa washa ya zamani, kwa hiyo miaka yote hiyo nozo ilikaa juu kuliko inavyotakiwa na silinda ikipumua pembeni. Baba alimlipa mtu huyo.

Nozo za zamani nilizitoa kwenye holda kwa jiliwa, na kwa mazoea ya maabara nikaziweka kila moja kwenye chupa yake ya sampuli na dizeli safi, nimebandika namba. Ni jambo pekee la busara nililofanya wiki ile. Zile mpya nikazifunga kwenye holda, springi zilezile, washa zilezile za kusetia, nikarudisha kila kitu, nikatoa upepo, nikawasha.

Gari lilikuwa baya kuliko mwanzo. Moshi mweupe sasa ulitoka hata injini ikiwa ya moto, na mlio uliokuwa mmoja ukawa miwili. Nilipanda Mgeta mara moja tu katika hali hiyo, na kwenye mlima likawa linavuta kama punda aliyekonda. Niliporudi nikavuta kijiti cha oili nikakinusa. Harufu ya dizeli. Nikazima, nikaona afadhali niulize.

Karakana ya fundi pampu sitaitaja jina, kwa ombi lake mwenyewe. Alisema nikimwandika watu watamjazia D4D mlangoni, na mashine ya kupimia hizo hana. Ni chumba kimoja, kina harufu ya dizeli mpaka ukutani, pampu zilizofunguliwa zimepangwa kwenye sinia za bati, na kila sinia imefunikwa gazeti. Hilo la gazeti lilinifanya nitulie. Mtu anayefunika vitu vyake na vumbi anajua anachokifanya.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mama. Umeleta nozo au umeleta matatizo?"

Nikamweleza. Hakunicheka, ila alitikisa kichwa niliposema nimefunga bila kupima. Akafunga holda ya kwanza kwenye mashine ya mkono, ile yenye saa ya bar na mpini mrefu, akaniambia nisimame upande wake, nisiweke mkono mbele ya nozo hata kwa utani. Kwa nozo za injini hii kitabu cha Toyota kinataka mpya ifunguke karibu na bar 150. Akavuta mpini taratibu. Mshale ukapanda: 90, 100, 110, na kwenye 115 nozo ikafunguka. Haikutoa ukungu, ilitoa uzi, mstari mmoja mnene kama wa mtoto anayekojoa ukutani. Kijana wake, aliyekuwa anaosha vyuma, akasema bila hata kugeuka, "Hiyo inakojoa." Hakuwa ameiangalia. Alisikia tu kwamba haikulia.

Nozo nzima inalia, na sikuwahi kujua hilo mpaka siku ile. Mzee alichukua nozo moja yake ya mfano, akaifunga, akavuta mpini. Ikatoa sauti ya krrr, kavu na ya haraka, kama nzige anayeruka kwenye nyasi, na mbele yake kukatokea koni ndogo ya ukungu mweupe, laini, imenyooka, halafu ikakatika kama iliyokatwa na wembe. Ncha ikabaki kavu. Akarudia mara tano, mara zote krrr, mara zote kavu. Kisha akapandisha mshale mpaka chini kidogo ya pale inapofungukia, akaushikilia hapo, akahesabu mpaka kumi. Hakuna tone. "Hivyo," akasema.

Zangu za boksi jekundu: moja ilifunguka 115, nyingine 120, zote zikikojoa. Ya tatu ilifunguka 140, lakini ilitoa ukungu upande mmoja tu kama bomba la bustani lililozibwa na kidole. Ya nne ilikuwa nzuri. Moja kati ya nne. Sehemu ya lawama ni yangu. Springi zilikuwa zimechoka, na nozo mpya kwenye springi ya zamani ni lazima isetiwe upya kwa zile washa nyembamba, ambapo tofauti ya 0.05 mm tu inahamisha mshale bar kadhaa. Bar angerekebisha. Ule uzi na ule ukungu wa upande mmoja hakuna washa inayouponya, maana hiyo ni sindano na kiti chake, na vilikuwa vimechongwa vibaya tangu kiwandani.

Hapo nikatoa chupa zangu nne. Mzee akazitazama, akaniuliza, "Nani kakufundisha kutozichanganya?" Nikamwambia ni mazoea tu. Akasema mafundi wengi humletea nozo zimemwagwa pamoja kwenye kopo, sindano huku na miili kule, na hapo kazi imekwisha, kwa kuwa kila sindano imesagwa pamoja na mwili wake na haikubali mwingine. Akaziosha kwa dizeli, akakwangua masizi kwa kijiti cha mti, si kwa bisibisi. Kisha akanionyesha jaribio ambalo nimeshalipeleka maabara kuwaonyesha wanafunzi: unaulaza mwili wa nozo mshazari, unaivuta sindano nje kama theluthi yake, unaiachia. Nzima itateremka yenyewe, taratibu, bila kukwama na bila kudondoka. Ya namba moja iliteremka kama bibi harusi anayeshuka ngazi. Ya namba nne vilevile. Ya namba tatu ilikwama katikati, imeungua rangi ya bluu. Ya namba mbili ilidondoka tii, kama msumari kwenye kopo. Imelika.

Namba mbili na namba tatu. Wale wale wawili ambao nati na kitambaa cha baba vilikuwa vimeshanitajia mwezi mmoja nyuma.

Basi hukumu ikawa hivi: nozo mbili za zamani zirudi, zimeoshwa na kusetiwa, na ninunue mbili tu za Denso, zile za 45,000 nilizozikimbia. Nilipozileta, hata hizo za bei akazipima kabla ya kuzigusa na chochote, na moja akaiongezea washa kwa sababu ilifungukia 145 na wenzake walikuwa 150 na kidogo. Alitaka zote nne zilingane. Akaniandikia kwa chokaa kwenye kipande cha bati: 152, 150, 152, 151.

Kasoro zake nazo nizitaje, maana huu si wasifu wa marehemu. Ni mpole wa mwendo kupita kiasi, kazi aliyosema ni ya asubuhi ilinirudisha siku mbili. Hana risiti wala kiti. Ijumaa mchana anafunga, na ukifika saa saba ukakuta kufuli usipige simu, hapokei. Na bei yake anaitaja baada ya kazi. Kwangu ilikuwa 10,000 kwa nozo, ikiwa ni pamoja na kupima zile nane zote, na sikuona kosa, ila ningependa kuijua mapema.

Kufunga mara ya pili nilikwenda kwa utaratibu. Mashimo yakasafishwa tena na kumulikwa. Washa za kopa mpya kabisa, za zamani hazirudi hata kama zinaonekana nzuri, maana kopa ikishabanwa mara moja inakuwa ngumu na haizibi tena. Kila holda nikaianzisha kwa vidole mpaka ikafika chini, ndipo nikaikaza kwa spana ya torki ya kuazima, 64 Nm kama kitabu kinavyosema. Ni nguvu ndogo kuliko mtu anavyodhani. Shemeji alitaka kuongeza "kidogo ya usalama" nikamnyang'anya mpini. Paipu za dizeli nilianzisha nati zote nane kwa mkono kabla ya kukaza hata moja, kwa sababu ukikaza upande mmoja kwanza, upande wa pili utakaa kimshazari na utakula nyuzi. Baada ya hapo ni kupampu kwa mkono pale juu ya filta mpaka kidole gumba kiume, kuacha nati za upande wa nozo zimelegea, kupiga stata mpaka dizeli iteme bila mapovu, kukaza moja moja. Namba ya mwisho haijakazwa, injini ikashika.

Oili nilimwaga yote nikaweka mpya, kwa ajili ya ile dizeli iliyokuwa imeshukia chini. Hiyo sikuiweka kwenye hesabu ya juu kwa sababu inaniuma.

Mlio umekwenda. Moshi wa asubuhi Mgeta sasa ni ule mdogo wa kukohoa mara moja na kuacha. Mafuta nilipima kwa njia yangu, jaza tenki mpaka shingoni, tembea, jaza tena: kabla ilikuwa kilomita 7.4 kwa lita, sasa 9.5, njia ileile na mzigo wa kufanana.

Mzee aliniuliza dizeli nanunua wapi. Nikakiri kwamba huko juu wakati mwingine nachukua ya madumu. Akafungua filta, akamwaga kwenye chupa yangu ya sampuli, tukaiacha itulie. Chini kukawa na kidole kizima cha maji, na kahawia ya kutu. Baba miaka ile alikuwa analalamikia mafuta ya taa kuchanganywa kwenye dizeli. Nakumbuka kelele zilivyokuwa kabla EWURA, mamlaka inayosimamia mafuta, haijaanza kuweka vinasaba, alama ya kuwanasa wachanganyaji, mwaka 2010, na kabla kodi ya mafuta ya taa haijapandishwa mwaka uliofuata. Mafuta ya taa ni makavu, hayalainishi sindano kama dizeli inavyolainisha. Maji ni mabaya zaidi, yanatia kutu palepale sindano inapokalia. Sasa namwaga maji ya filta kila Jumamosi kabla ya kupanda mlima, ni kile kikoki cha chini tu, nusu dakika.

Nyota, kwa wanaozipenda. Boksi jekundu: moja, na hiyo ni kwa ajili ya boksi lenyewe, natunzia misumari. Soketi ya 27: nne, ilitoka kutu wiki ya pili. Fundi pampu: nne na nusu, nusu nimeizuia mpaka anunue kiti. Nenda kwake ukiwa na injini ya zamani ya Toyota tu, 2L, 3L, 5L, 1HZ na ndugu zake. Ukiwa na komoni reli mtafute mwenye mashine yake, na uwe na uhakika ana kompyuta ya kuingiza namba za utambulisho za nozo mpya kwenye gari pale zinapohitajika.

Siku ya tatu baada ya kufunga niliona unyevu juu ya nozo ya nne. Moyo ukaniruka. Ilikuwa washa moja ya paipu ya ritani, nilikuwa nimeirudisha ya zamani kwa sababu mpya ilidondokea kwenye majani chini ya gari na sikuiona. Nilinunua nyingine kwa shilingi 1,000. Ile iliyopotea kuku waliifukua juzi.